Kwa nini wavuvi wa Hispania wana msimamizi aliyetoka mlimani?

Kila tarehe 16 Julai, miji mingi ya wavuvi nchini Hispania huitoa kanisani sanamu ya mtakatifu msimamizi wao, Bikira Maria wa Mlima Karmeli, na kuizungusha baharini, msafara wa vyombo ukiifuata. Huko El Palo, mtaa wa wavuvi jijini Málaga, wabebaji waliovaa nyeupe huingia nayo majini ikiwa mabegani, na pembeni husubiri mashua za makasia zilizochorwa macho omoni. Pia hutupwa mashada ya maua kwa ajili ya waliozama.

Lakini Karmeli ni mlima. Imekuwaje ukakabidhiwa bahari?

Sababu moja ni mahali ulipo. Karmeli unasimama juu ya maji pale Haifa, Israeli, na ndipo wakaapweke waliokuja kuitwa Wakarmeli walipoweka makao karne ya 12 ikielekea mwisho. Walimheshimu Nabii Eliya, ambaye mtumishi wake, baada ya ukame mrefu, aliona kutoka mlimani humo kiwingu kama mkono wa mtu kikitoka baharini. Wakarmeli waliona katika kiwingu hicho mfano wa Maria. Naye alikwisha kuitwa Nyota ya Bahari katika tenzi za Kilatini.

Hayo ni ya wasomi. Kilichomvuta mvuvi, kwa maoni yangu, ni skapulari: vipande viwili vya kitambaa cha kahawia vilivyounganishwa kwa kamba, kimoja kifuani, kingine mgongoni. Mapokeo yanasema mwaka 1251 Maria alimtokea Mkarmeli Simon Stock na kuahidi kwamba atakayekufa amevaa vazi hilo hataonja moto wa milele. Wanahistoria wanayatilia shaka, maana yaliandikwa zaidi ya miaka mia moja baadaye. Ila mfikirie mtu anayezama usiku wa dhoruba: hana padri wa kumwungamia, hana mpako wa wagonjwa, wala huenda asipate kaburi. Ahadi iliyoshonwa kwenye kitambaa anaweza kwenda nayo popote.

Kabla ya Maria wa Karmeli, mabaharia wa Hispania walimwomba zaidi Mtakatifu Telmo, mtawa Mdominiko. Maria alimpita polepole, hata mwaka 1901 akatangazwa rasmi msimamizi wa jeshi la majini la nchi hiyo. Telmo naye hakusahaulika: ule mwanga wa buluu unaowaka kwenye ncha ya mlingoti wakati wa radi bado unaitwa kwa jina lake.