Je, wajua kwa nini pointi 50 za Wilt Chamberlain hazijamaliza ubishi?

Msimu wa 1961–62 wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, Wilt Chamberlain wa Philadelphia Warriors alifunga wastani wa pointi 50.4 kwa mchezo na kuchukua ribaundi 25.7. Huo si usiku mmoja wa bahati, ni wastani wa michezo 80. Katika historia yote ya NBA hakuna mwingine aliyewahi kufikisha hata wastani wa 40 kwa msimu mzima. Tarehe 2 Machi 1962, mjini Hershey, Pennsylvania, mbele ya watazamaji 4,124, aliwafunga New York Knicks pointi 100 peke yake.

Ungedhani ubishi wa nani bora uliishia hapo. Wapi! Hata tuzo ya mchezaji bora wa msimu ule hakuipata. Ilikwenda kwa Bill Russell wa Boston Celtics, aliyefunga wastani wa pointi 18.9. Jambo la kuchekesha ni kwamba kikosi bora cha msimu kilichaguliwa na wanahabari, na wao walimweka Chamberlain kikosi cha kwanza, Russell cha pili. Tuzo ya mchezaji bora, enzi hizo, ilipigiwa kura na wachezaji wenyewe. Waliokaa mezani na kalamu waliona pointi. Waliokuwa wakigongana nao uwanjani waliona kitu kingine.

Tuanze na pointi na ribaundi zenyewe, maana humo ndimo watu wengi wanamopotea.

Ribaundi ni mpira unaodakwa baada ya mtupo kukosa kikapu. Kwa hiyo ili ribaundi ziwepo, lazima kwanza watu wakose. Na mwaka 1962 walikosa haswa. Timu moja ilitupa karibu mara 108 kwa mchezo, na katika kila mitupo 100 iliyoingia haikufika 43. Mpira ulikwenda mbio huku na huku, watu wakitupa mapema bila kusubiri nafasi nzuri. Matokeo yake kila timu ilipata ribaundi kama 70 kwa mchezo. Miaka ya karibuni timu hutupa mara 89 hivi, karibu nusu ya mitupo inaingia, na ribaundi zinazobaki kwa kila timu ni kama 44.

Sasa chukua kalamu. Ribaundi 25.7 katika 70, ukizipunguza kwa uwiano wa 44, zinabaki 16. Halafu kuna dakika. Mchezo wa NBA una dakika 48, lakini Chamberlain msimu ule alicheza wastani wa dakika 48.5. Hapana, sijakosea. Karibu hakutoka uwanjani kabisa, na dakika za nyongeza zikapandisha wastani wake ukapita urefu wa mchezo wenyewe. Nyota wa leo hucheza dakika 36 hivi. Zipunguze zile 16 kwa uwiano wa dakika hizo, unapata yapata 12. Ribaundi 12 ni nyingi, ni za mchezaji mkubwa, lakini hazikuachi mdomo wazi.

Ndiyo maana wachambuzi wa siku hizi hawapendi kulinganisha wastani wa mchezo kwa mchezo. Hupima kwa dakika 36, au kwa kila mara 100 ambazo timu imemiliki mpira, ili aliyecheza katika enzi ya mbio asimzidi bure aliyecheza enzi ya polepole. Na enzi ya polepole ilikuwepo kweli. Tarehe 22 Novemba 1950, Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18. Hayo ni matokeo ya mchezo mzima! Hakukuwa na saa ya kulazimisha timu itupe, basi Pistons wakakaa na mpira tu. George Mikan alifunga 15 kati ya zile 18 za Lakers. Ukitazama 15 kavu, utamwona mtu wa kawaida. Ukitazama sehemu yake katika pointi za timu, hata Chamberlain hamgusi. Saa ya sekunde 24 ilikuja mwaka 1954, na mbio zikaanza.

Lakini nisimwonee Chamberlain. Zile dakika 48.5 ukizikata ili kumlinganisha na wengine, unakata pia sehemu ya ukubwa wake. Kucheza bila kupumzika, usiku baada ya usiku, huku mabeki wawili watatu wakikuning'inia mabegani, huo nao ni uwezo. Hesabu ya dakika 36 haina pa kuuandika.

Hapo ndipo penye tatizo la pili, na kwangu mimi ndilo kubwa zaidi: mengi hayakuandikwa kabisa. NBA ilianza kuhesabu bloku, yaani mitupo iliyozuiwa hewani, msimu wa 1973–74. Kitabuni kinara wa wakati wote ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria mwenye bloku 3,830, anafuatiwa na Dikembe Mutombo wa Kongo mwenye 3,289. Russell alistaafu 1969. Chamberlain alicheza msimu wake wa mwisho 1972–73, hesabu ikaanza msimu uliofuata. Watu wawili waliosifika kwa kuzuia kuliko wote wa enzi yao hawana rasmi hata bloku moja. Russell aliishi kwa ulinzi, akitisha watupaji na kuugusa mpira uende kwa mwenzake badala ya kuupeleka kwa mashabiki, na karatasi ya takwimu haikuwa na safu ya kazi hiyo. Wachezaji waliompigia kura hawakuhitaji safu.

Mstari wa pointi tatu nao umevuruga hesabu. Uliingia NBA msimu wa 1979–80, na mwanzoni timu zilitupa toka huko chini ya mara tatu kwa mchezo. Kareem Abdul-Jabbar alimaliza akiwa kinara wa pointi wa wakati wote, na pointi 38,387, na katika hizo kikapu cha pointi tatu ni kimoja tu. LeBron James alimpita tarehe 7 Februari 2023 akiwa ameshafunga zaidi ya 2,000 vya aina hiyo. Kila kimoja kingehesabiwa pointi mbili, usiku ule LeBron angekuwa bado anamfukuza mzee. Hata hivyo LeBron alifika katika mchezo wake wa 1,410, wakati Kareem alitumia michezo 1,560. Vuta upande wowote, kamba haikatiki.

Kuna wanaokimbilia mataji. Russell ana 11 katika misimu 13, Michael Jordan na Kareem sita sita, LeBron manne. Ni hoja tamu ila dhaifu: Robert Horry ana saba, na hakuna anayemweka juu ya Jordan. Isitoshe, Russell alipoanza ligi ilikuwa na timu 8. Leo ziko 30. Tena tuzo ya mchezaji bora wa fainali ilianza kutolewa 1969, mwaka wa taji lake la mwisho, na akapewa Jerry West, ambaye timu yake ilishindwa. Leo tuzo hiyo ina jina la Russell, ambaye hakuwahi kuipata.

Tukirudi kwenye pointi, mashindano makali kuliko yote yako kwenye wastani wa maisha yote ya mchezo. Michael Jordan alifunga 32,292 katika michezo 1,072, sawa na 30.12. Chamberlain alifunga 31,419 katika michezo 1,045, sawa na 30.07. Jordan anaongoza kwa unywele, na ile misimu yake miwili ya uzeeni pale Washington ndiyo iliyomteremsha karibu na mwenzake.

Chamberlain alihitaji pointi 60 tu zaidi ili awe juu. Zilikuwa wapi? Kwenye mitupo huru, ile ambayo mtu husimama peke yake bila wa kumzuia. Alipewa 11,862 akaingiza 6,057, akakosa 5,805. Usiku ule wa Hershey aliingiza 28 kati ya 32, akiitupa kwa mikono miwili kutoka chini, katikati ya magoti. Mtindo huo ulimfaa kuliko mwingine wowote aliowahi kujaribu. Baadaye aliuacha, kwa sababu, kwa maelezo yake mwenyewe, aliona unamdhalilisha.