Je, wajua kwa nini kufunga programu za chinichini huiponya kompyuta iliyogoma?

Kwa miaka mingi niliamini jibu ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu hukaa zikiwa zinafanya kazi. Programu inagoma kuwaka kwa sababu nyingine zilizojificha zimekula nafasi yote. Zifunge, nafasi ipatikane. Hata walioniomba msaada niliwaeleza hivyohivyo. Halafu siku moja programu ya seva niliyokuwa najifunzia kutengeneza tovuti ikakataa kuwaka, na nusu ya RAM ilikuwa tupu. Nikazima kiprogramu kimoja kilichokaa kando ya saa, cha megabaiti chache tu. Seva ikawaka papo hapo.

Basi RAM haikuhusika. Na kwa kweli RAM iliyojaa si ugonjwa. Tangu enzi za Vista, Windows yenyewe huijaza kwa makusudi: hutanguliza humo mafaili ya programu unazozitumia mara kwa mara ili zifunguke upesi, na programu nyingine ikihitaji nafasi hupewa. Programu iliyolala huweza kuhamishiwa kwenye diski. RAM ikipungua kikweli, kompyuta nzima huwa nzito, kila kitu kinajikokota. Mgongano, yaani programu mbili kugombea kitu kimoja, una dalili tofauti kabisa: jambo moja mahususi linakataa, na mengine yote yanakwenda vizuri. Dalili hizi mbili nilikuwa nikizichanganya, na nadhani wengi tunazichanganya, kwa kuwa dawa inafanana.

Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba ishirini na bafu moja uani. RAM ni vyumba. Mgongano hutokea bafuni. Mpangaji ameingia, ametia komeo kwa ndani, kisha amesinzia. Vyumba kumi vikiwa vitupu havikusaidii kitu wewe uliyesimama nje na ndoo. Wala haijalishi aliyemo ni mnene au mwembamba. Komeo ni lilelile. Mwenye nyumba, yaani mfumo endeshi kama Windows, havunji mlango, kwa sababu hajui kama huyo wa ndani amelala au anaoga. Programu ikinyang'anywa faili katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Lakini programu ikizimwa, mfumo endeshi hupita nyuma yake na kufungua kila komeo ililokuwa imelitia. Hapo ndipo dawa inapofanya kazi.

Kwenye mtandao, mabafu hayo huitwa poti. Zina namba kuanzia 0 hadi 65535, na kwa kawaida poti moja husikilizwa na programu moja tu kwenye anwani ileile. Seva ya tovuti hutaka poti 80, na ile ya mawasiliano yaliyosimbwa hutaka 443. Skype ya zamani, kabla haijastaafishwa mwaka 2025, ilikuwa ikizishika poti hizohizo mbili, na wanafunzi waliosakinisha XAMPP, kifurushi cha kujifunzia kutengeneza tovuti, wakakuta Apache, seva ya tovuti iliyomo, haiwaki. Programu ya kupigia simu inaizuia seva ya tovuti! Amri ya netstat -ano huonyesha namba ya programu iliyoshika kila poti, kwa hiyo huna haja ya kuzima kila kitu kwa kubahatisha.

Si kila mgongano ni wa komeo, hata hivyo. Antivirusi mbili hugombana kwa namna nyingine: kila moja hujiweka njiani mwa kila faili linalofunguliwa, na ya kwanza ikilifungua ili kulikagua, ya pili nayo huweza kuukagua ufunguaji huo. Kwa sababu hiyo Defender, antivirusi inayokuja na Windows 10 na 11, kwenye kompyuta za nyumbani hujiweka kando ukisakinisha antivirusi nyingine. Hapa kufunga dirisha hakutoshi, maana sehemu ya antivirusi imo ndani ya kiini cha mfumo. Itakubidi uiondoe kabisa.

Usipomjua mkosaji, fungua msconfig, kifaa cha Windows cha kuchagua kinachowaka na kompyuta, ficha huduma (programu za chinichini) za Microsoft zenyewe, zima zilizobaki, kisha uwashe upya. Tatizo likitoweka, rudisha nusu ya huduma ulizozima, ujaribu tena. Kati ya huduma 16, mkosaji hupatikana kwa majaribio manne, maadamu ni mmoja. Wakiwa wawili wanaogombana wao kwa wao, majaribio huongezeka.

Na katika kuwasha upya kuna jambo ambalo bado linanishangaza. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukichagua kuzima, programu zako hufungwa, lakini kiini cha mfumo pamoja na viendeshi vyake (programu ndogo zinazoendesha vifaa) huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kama kilivyokuwa, ili kompyuta iwake haraka, isipokuwa umezima mpangilio huo. Ukichagua kuwasha upya, kila kitu huanza mwanzo. Kwa hiyo mtu anaweza kuizima kompyuta usiku kucha na kuamka na tatizo lilelile, wakati kuwasha upya kwa dakika mbili kungeliondoa.