Ushauri nasaha si kuambiwa la kufanya

Juzi mzazi mmoja alinipigia simu kutoka Korogwe. "Mwalimu, huyo kijana wangu mkalishe chini umpe nasaha. Dakika kumi tu, ataelewa." Sikumwambia kama nimewahi kumwona kijana wake au la, maana siri hiyo ni ya kijana. Lakini ni mzazi wa nne muhula huu kuniomba jambo hilohilo, na nimechoka kulisikia.

Neno lenyewe linatuponza. Tukisikia "ushauri", na juu yake "nasaha", tunamuona shehe, kungwi, au mjomba anayekunja mikono ya kanzu na kuanza: "Sikiliza, mwanangu." Hao wana kazi yao na ninawaheshimu. Ila mwanafunzi anayefika mlangoni kwangu, mimi mshauri nasaha wa chuo hapa Tanga, ameshashauriwa na ukoo mzima. Kama maneno mazuri yangetosha, asingekuja.

Mmoja aliingia akakaa na begi mapajani, zipu anaifungua na kuifunga. "Madam, nishauri. Niahirishe mwaka au niendelee?" Nikamuuliza usiku uliopita alilala saa ngapi. Zipu ikasimama. Nikanyamaza, na kunyamaza huko ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Baadaye akasema hajalala vizuri tangu walipomzika baba yake. Alirudi chuo siku ya tatu ya msiba kwa sababu kulikuwa na testi. Habari ya kuahirisha mwaka hakuirudia siku ile. Ningemjibu alivyouliza, angeondoka na jibu la swali ambalo silo lililomleta.

Wakubwa wa vyuo nao wanayo dhana hiyohiyo. Foleni ikirefuka, wanasema kila mhadhiri apewe kundi la wanafunzi awe anawashauri. Sipingi watu wasio wanasaikolojia kusaidia. Zimbabwe, tangu 2006, Dk. Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi wa mitaani kukaa benchini na watu wenye sonona, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba dalili zilipungua kweli. Lakini bibi wale walifundishwa, wana wa kuwasimamia, na hatua yao ya kwanza wanaiita kwa Kishona "kuvhura pfungwa", kufungua akili. Ni mgonjwa anayeongea. Mhadhiri aliyekabidhiwa kundi bila mafunzo atahutubia, na mwanafunzi hatarudi tena.

Foleni inapunguzwa mlangoni. Kila anayekuja ajaze PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, jumla alama 27. Wenye hofu ya mitihani na usingizi mbovu wanafaidika sana wakikaa kikundi, watu wanane hivi, na saa yangu moja inawatosha wote. Anayeandika chochote zaidi ya sifuri kwenye swali la tisa, linalouliza mawazo ya kufa au kujidhuru, haandikiwi miadi ya wiki ijayo. Anaonwa leo.

Na hapo kuna dhana nyingine: eti ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua, umemtia wazo. Si kweli. Wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza. Uliza waziwazi, bila kuzungukazunguka.

Nyingine ninazozisikia ni hizi. "Vijana wa siku hizi ni laini." Karibu robo tatu ya magonjwa ya akili huanza kabla ya miaka 25. Umri huo ndio umri wa chuo, na ulikuwa hivyo hata enzi zenu.

"Nikionekana naingia kwa mshauri, watasema napelekwa Lutindi," yaani hospitali ya magonjwa ya akili. Wengi ninaowaona hawahitaji hata kidonge kimoja. Wanaohitaji nawaandikia barua ya kwenda hospitali ya mkoa, Bombo, na dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu, kwa hiyo usiziache siku ya tano ukidai hazifanyi kazi.

"Ni jini, apelekwe kwanza kwa mtaalamu." Msomeeni dua, sina ugomvi nayo. Aje na kwangu wiki hiyohiyo, asisubiri mpaka ameacha kula.

"Nitakuja nikishaona matokeo." Wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, hapa hapatoshi hata pa kusimama. Wiki ya tatu ya muhula, asubuhi, mara nyingi nakaa peke yangu na mlango uko wazi.