Mkoma wa jangwani nao unataka maji

Wengi wakiona mikoma imesimama kwenye mchanga wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, huamini kwamba mti huu hauhitaji maji. Sivyo. Mikoma ile hufuata mto Turkwel na makorongo, ambako maji ya chini ya ardhi hayako mbali na mizizi huyafikia. Unachovumilia ni jua kali na hewa kavu.

Kuutambua ni rahisi: shina hutoa panda, jambo adimu sana kwa jamaa ya minazi na mitende.

Ukiutaka bustanini, zika mbegu palepale mti utakapokaa. Chipukizi huzama chini kwanza, kabla jani halijachomoza, kwa hiyo kiriba kifupi cha kuoteshea miche huuumiza. Halafu mwagilia hadi maji yazame. Kunyunyiza juujuu hakusaidii kitu.