Mkandarasi Si Mwenye Duka: Kodi ya Mauzo kwenye Ujenzi

Wakandarasi wadogo wengi nchini Marekani huamini kwamba, kwa kuwa wamesajili biashara, wana haki ya kununua mbao na saruji bila kodi ya mauzo, kisha wamtoze mteja. Imani hiyo huzaa madeni, na inaniuma kwa sababu yanaepukika.

Katika majimbo mengi, anayefunga vifaa kwenye jengo huhesabiwa kuwa mtumiaji wa mwisho. Msumari ukishagongwa kwenye kenchi si bidhaa tena, ni sehemu ya nyumba. Kwa hiyo kodi analipa yeye, dukani, na gharama anaiingiza kwenye bei ya kazi.

Maandishi ya mkataba nayo yana uzito. Chukua Texas, ukarabati wa nyumba ya kuishi: ukiandika bei moja ya jumla, tuseme dola 9,000, unalipa kodi unaponunua vifaa na humtozi mteja. Ukitenganisha, vifaa 4,000 na ufundi 5,000, unageuka muuzaji: unamtoza mteja kodi kwenye zile 4,000, na vifaa unaweza kuvinunua bila kodi kwa cheti cha kuuza tena, yaani hati unayompa mwenye duka kuonyesha kwamba unavinunua ili uviuze. Likiwa jengo la biashara, hata ufundi wa ukarabati hutozwa.

Kukimbilia Oregon, ambako hakuna kodi ya mauzo ya jimbo, hakusaidii. Ukivivusha vifaa hadi California ukavitumia huko, unadaiwa kodi ya matumizi, yaani ile anayolipa mtumiaji pale ambapo kodi ya mauzo haikulipwa wakati wa kununua. Risiti ya Oregon itaonyesha tu kwamba hujailipa.