Baruti ya Wachina haikuwa ya fataki tu

Nafundisha historia ya teknolojia, na haupiti muhula bila mwanafunzi kuniambia: "Wachina walivumbua baruti, lakini utamaduni wao ni wa amani, wakaishia kwenye fataki. Wazungu ndio walioigeuza silaha."

Si kweli hata kidogo. Wujing Zongyao, kitabu cha kijeshi cha enzi ya Song cha mwaka 1044, kinaeleza jinsi ya kuchanganya shura (chumvi inayosaidia moto kuwaka), salfa na makaa kwa ajili ya mabomu. Mwaka 1232 Wamongolia waliuzingira mji wa Kaifeng, China. Walijikinga chini ya mapaa ya ngozi ya ng'ombe, wakichimba kwenye kitako cha ukuta. Walinzi wakawateremshia kwa minyororo mabomu ya chuma yaliyoitwa "ngurumo itikisayo mbingu". Watu na ngozi vikasambaratika pamoja. Bunduki ya shaba iliyochimbuliwa Heilongjiang, mkoa wa kaskazini-mashariki mwa China, mwaka 1970 inakadiriwa kuwa ya 1288 hivi, ilhali picha ya mzinga ya zamani kabisa inayojulikana Ulaya ni ya 1326.

Mbona basi mizinga mikubwa ilishamiri Ulaya? Nawaambia wanafunzi kila mara: kabla hujataja utamaduni, pima ukuta. Ule wa mji wa Xi'an, China, wa enzi ya Ming, una kimo cha mita 12 na unene wa mita 15 hadi 18 chini, udongo ulioshindiliwa na kuvikwa matofali. Tufe la mzinga linazama humo. Kuta za ngome za Ulaya zilikuwa za mawe, nyembamba zaidi, zikipigwa zinapasuka. Fundi wa China angehangaika na mzinga mkubwa wa nini?

Husemwa pia eti uchapaji wa herufi za kupangwa, yaani herufi moja moja zinazopangwa upya kwa kila ukurasa, ulikwama China kwa sababu ya kung'ang'ania mila. Bi Sheng alichoma herufi za udongo miaka ya 1040, karne nne kabla ya Gutenberg, mchapaji wa Ujerumani. Ila mpanga herufi wa China alihitaji herufi maelfu. Kuchonga ukurasa mzima kwenye ubao kulikuwa nafuu kwake, na nakala zikiisha ubao bado upo ghalani.

Na tena eti Wachina wanalipa kwa simu kwa kuwa ni watiifu kwa serikali. Wamarekani walizoea kadi za mkopo miongo mingi kabla ya simu janja. Wachina wengi hawakuwa nazo. Kenya ilianza M-Pesa mwaka 2007, miaka minne kabla ya WeChat, programu ya simu ya China ya ujumbe na malipo, kwa sababu inayofanana: simu iliwafikia watu kabla ya benki.