Je, wajua kwa nini javax iligeuka jakarta?

Ukifungua projekti ya Java (lugha ya kuandikia programu) ya miaka ya nyuma utakuta juu ya faili kumeandikwa import javax.servlet, yaani mstari wa kuita kodi ya kupokea maombi ya wavuti, ukifungua ya siku hizi unakuta import jakarta.servlet, na kazi inayofanyika ni ile ile. Sasa kubadilisha kote huko kulikuwa kwa nini?

Shida ni kwamba neimspesi, yaani lile jina la mwanzo la pakeji (kapu la kodi) kama hilo javax, ilikuwa na mwenyewe. Mwaka 2017 Oracle walitangaza kuikabidhi Java EE, yaani mkusanyiko wa Java wa kutengenezea mifumo ya seva, kwa Eclipse Foundation, taasisi ya programu huria, kodi ikahama lakini alama ya biashara ya Java ikabaki kwa Oracle, wakajadiliana weee, na mwaka 2019 ikawekwa wazi kwamba hawajaelewana: pakeji za javax Eclipse wazitumie kama zilivyo, ila wasiongeze wala kubadilisha kitu ndani yake. Laibrari ambayo huwezi kuiongezea hata metodi moja imeshakufa hiyo.

Mjadala ukawa, wahamishe pakeji moja moja kila inapohitaji mabadiliko, au zote kwa mkupuo? Ile ya kwanza inaonekana ya upole, ila mtu angekaa miaka anajiuliza servlet imeshahama au bado, persistence (ya kuhifadhi data) je, na kila toleo jipya linamvunjia kitu kingine. Wakachagua mkupuo. Jakarta EE 8 (Jakarta EE ndo jina jipya la Java EE) ya Septemba 2019 ikabaki na javax, halafu Jakarta EE 9 ya Desemba 2020 kazi yake kubwa ikawa kubadilisha majina tu, vitu vipya vikasubiri. Kwangu mimi huo ndo uamuzi bora kuliko yote kwenye zoezi hili, maana ukihama huku unarekebisha, kitu kikiharibika hujui kimeharibiwa na kipi.

Na msidhani ni kutafuta javax unaweka jakarta basi umemaliza. javax.swing, javax.sql na javax.crypto ni za Java yenyewe, hazikwenda popote. Kwenye javax.transaction ndo utashika kichwa: UserTransaction imehamia jakarta.transaction, wakati XAResource, iliyo ndani ya javax.transaction.xa, imebaki pale pale. Ukibadilisha kwa pupa kompaila (programu inayotafsiri kodi) inagoma, na hapo una bahati, kwa sababu jina kama javax.persistence.jdbc.url likiwa ndani ya persistence.xml, faili la mipangilio, kompaila hailioni kabisa, utakuja kujua programu ikishawashwa. Kwenye seva ya Tomcat, toleo la 9 linaendesha programu za javax, la 10 za jakarta, na Spring Boot, fremuweki ya kutengenezea programu za Java, nao wakahama na toleo la 3 Novemba 2022.

Apache Commons Lang, laibrari nyingine ya Java, wao mwaka 2011 walibadilisha jina kwa hiari yao, lang ikawa lang3, ili toleo la zamani na jipya vikae ndani ya programu moja bila kugombana. Kwa laibrari inayotumiwa na watu wengi usiowajua hiyo ni njia nzuri sana. Ila kwa kodi ya ndani ya kampuni mimi naona pakeji ipewe jina la kazi yake, malipo au wateja, kwenye domeini mnayoimiliki wenyewe, na kamwe isipewe jina la timu, maana timu zinavunjwa na kuunganishwa kila siku na ile import inabaki kwenye mafaili ya watu.